Kuhama Houston kwenda Minneapolis na kobe wa maji: asafirishwe vipi afike salama?

Mhamaji_TX

Wakuu, salaam kwenu. Tunahama Houston kwenda Minneapolis wiki ya mwisho ya Julai kwa gari letu wenyewe. Ni mwendo wa kilomita 2,000 hivi: I-45 hadi Dallas, halafu I-35 moja kwa moja kupitia Oklahoma City, Wichita, Kansas City na Des Moines. Tutalala Wichita usiku mmoja. Vyombo vya nyumbani vinatangulia na lori.

Tuna kobe wa maji, hawa wenye alama nyekundu pembeni mwa kichwa, jike, gamba sentimita 23. Anakaa kwenye tangi la kioo la galoni 75 lenye kichujio cha nje, hita na taa mbili. Naomba kujua: asafiri ndani ya maji au pakavu? Alishwe lini mara ya mwisho? Tangi na kichujio vinabebwaje? Na usiku wa hotelini tumweke wapi? Mtandaoni kila mtu anasema lake. Nawasilisha.

Gamba_Gumu

Mkuu, asafiri pakavu. Pakavu maana yake hana maji ya kuogelea, ila amelalia kitambaa chenye unyevu. Kobe anavuta hewa kwa mapafu kama sisi, hana mashavu ya samaki, kwa hiyo maji si pumzi yake. Kobe mkubwa wa aina hiyo mwenye afya hukaa siku mbili nje ya maji bila kudhurika, mradi ngozi isikauke na joto lisipande.

Tafuta boksi la plastiki lisilopitisha mwanga, lenye kifuniko cha kufunga kwa vibano. Kwa gamba la sentimita 23 chukua lenye nafasi ya ndani ya sentimita 40 kwa 30, kimo 30. Usishawishike kununua kubwa zaidi ukidhani unampa raha. Nafasi ikizidi, ukikanyaga breki anateleza na kugonga gamba ukutani, kisha anapata pa kuanzia kupanda. Anatakiwa aweze kugeuka, basi. Boksi la kuonyesha nalo si zuri, kwa sababu kobe haelewi ukuta asiouona: atausukuma kwa pua njia nzima mpaka ngozi ya pua ichubuke.

Toboa matundu ya milimita 6, kama kumi kila upande kwenye pande mbili zinazotazamana, theluthi ya juu. Toboa kabla hajaingia, halafu piga msasa kingo kwa ndani. Kwenye kifuniko usitegemee matundu, maana safarini lazima kuna mtu ataweka begi juu yake.

Chini tandika mpira wa kuzuia kuteleza, juu yake kitambaa. Hapa wengi hukosea: wanachukua taulo mpya yenye vitanzi vya uzi. Kucha za kobe hunasa kwenye vile vitanzi, anavuta, ukucha unang'oka. Tumia shuka la pamba lililochakaa au fulana mbili za zamani. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu, kamua mpaka kibaki na unyevu wa kitambaa cha deki kilichokamuliwa vizuri. Ukikibonyeza kwa kidole, kidole kilowe lakini tone lisidondoke. Kitambaa cha pili kiache kimekunjwakunjwa juu yake. Ataingia chini yake mwenyewe na kutulia, kwa sababu giza na kitu kinachomgusa mgongoni ndivyo anavyojificha hata ziwani.

Ndani ya boksi usiweke jiwe, gogo la kuotea jua, chakula wala bakuli. Chochote kigumu kitamgonga.

Mvuvi_wa_Nyanza

Gamba_Gumu, samahani, hapo kwenye maji naona tofauti kidogo. Huyu ni kiumbe wa majini. Sentimita tano za maji chini ya boksi si zingemsaidia asikauke? Saa 10 barabarani si mchezo.

Gamba_Gumu

Ndugu, hizo sentimita tano ndizo hatari. Gari likipiga kona maji yote yanahamia upande mmoja, na kobe anahama nayo. Akipinduka chali kwenye maji ya kina hicho kichwa kinazama, na pasipo nafasi ya kujigeuza anakufa maji. Hata asipopinduka, atapiga miguu safari nzima kutafuta usawa, afike amechoka.

La pili ni uchafu. Kobe akishtuka hujisaidia, na maji hayo machache yakichanganyika na kinyesi anakunywa humo humo na macho yanawashwa. La tatu ni joto. Maji yakishapata moto kwenye boksi lililofungwa hayapoi haraka, na hana pa kuyakimbilia. Kitambaa kichafu unakitupa na kuweka kingine, dakika mbili.

Suala la kukauka ni la kweli, ila dawa yake ni chupa ya kupulizia. Kila baada ya saa tatu au nne, gari likiwa limesimama, fungua, gusa kitambaa, pulizia kikianza kukauka, funga. Usimtoe kumchezea. Wanaohitaji unyevu mwingi zaidi ni kobe wenye gamba laini na vifaranga wa chini ya sentimita 7. Hao watandikiwe kuvumwani ya bustani (ile mimea laini kama sponji) iliyolowekwa na kukamuliwa, na wakaguliwe kila saa mbili.

Mhamaji_TX

Nimeelewa, asante sana. Chakula je? Na joto mnalosema ni kiasi gani hasa?

Dkt_Mifugo_Dayaspora

Nianze na chakula. Mlo wa mwisho uwe saa 48 kabla ya kuondoka, na kwa mkubwa kama huyo hata saa 72 ni sawa. Kifaranga saa 24 zinatosha. Sababu si usafi tu. Mmeng'enyo wa kobe unategemea joto la nje ya mwili wake. Ukimlisha leo na kesho akakaa mahali penye nyuzi 20, chakula kinalala tumboni na kuchacha badala ya kusagwa. Kobe mzima mwenye afya anamaliza wiki bila kula na hapati shida, kwa hiyo usimwonee huruma ya chakula.

Joto ndani ya boksi libaki kati ya nyuzi 21 na 27 za Selsiasi, yaani 70 hadi 80 kwa Farenhaiti. Nunua kipimajoto chenye waya mrefu: ncha ya waya ipite kwenye tundu ikae ndani, kioo cha kusomea kikae nje unapokiona. Ikifika 30 chukua hatua papo hapo. Kobe hatoi jasho, na ndani ya boksi hana kivuli cha kuhamia.

Sasa nikuulize jambo moja zito, maana umesema ni jike wa sentimita 23: je, siku hizi anakataa chakula, anazungukazunguka tangi bila kutulia, au anakwangua kwa miguu ya nyuma kama anayechimba? Majike wa aina hii hutaga kuanzia masika hadi katikati ya kiangazi, na hutengeneza mayai hata kama hajawahi kuona dume. Julai bado anaweza kuwa nayo. Akisafirishwa akiwa karibu kutaga, mshtuko unaweza kumfanya ayazuie, na mayai yakikwama wiki kadhaa anaugua vibaya, mara nyingine mpaka apasuliwe.

Mpeleke kwa daktari anayetibu reptilia wiki tatu kabla ya safari, apigwe eksirei. Mayai yanaonekana wazi, yenye umbo la mviringo mrefu. Yakiwepo, mwandalie kasha lenye mchanga na udongo uliochanganywa nusu kwa nusu, kina cha sentimita 25, wenye unyevu wa kutosha shimo lisibomoke. Muweke humo kila jioni, umwache peke yake, mpaka atage. Daktari huyo huyo akuandikie cheti cha afya, kitakufaa njiani.

Mhamaji_TX

Daktari, kukwangua kwa miguu ya nyuma anakwangua, wiki ya pili sasa. Nilidhani anataka kutoka tu. Nitapiga simu kesho asubuhi.

Dkt_Mifugo_Dayaspora

Fanya hivyo. Na kasha la mchanga liandae leo bila kungoja eksirei. Kama hana mayai, hupotezi chochote.

Fundi_Tangi

Mimi nizungumzie tangi, kwa sababu watu humshughulikia kobe vizuri halafu wanamrudishia kwenye maji yenye sumu.

Galoni 75 ni lita 284. Maji peke yake ni kilo 284, na kioo kitupu ni kama kilo 63. Tangi hilo halibebwi likiwa na maji, wala likiwa na mawe chini. Watu husema "nimebakiza maji kidogo tu na changarawe". Unapoliinua kwa ncha mbili uzito ule unapinda kioo cha chini, na silikoni ya pembeni inaachia kidogo sana, huoni. Linavuja siku ya tatu ukiwa umeshalijaza.

Mpangilio wa siku ya kuondoka uwe hivi. Chomoa hita kwanza, subiri dakika 30, ndipo uanze kuvuta maji kwa mpira. Hita yenye moto ikibaki hewani inapasuka. Mtoe kobe mapema, aingie kwenye boksi lake akae kwenye chumba kitulivu, mbali na milango inayofunguliwa na wabeba mizigo. Kisha toa mawe, futa tangi, likauke. Lisafiri limesimama kama linavyosimama nyumbani, juu ya plaiwudi nene yenye povu la sentimita 2 na pembe zikiwa zimefungwa makartoni. Usililaze ubavu, wala usilifanye kapu la kuwekea sufuria na blanketi. Taa zikipoa, zitoe kwenye soketi, kila moja uizungushie gazeti. Zile ndefu za UVB (mionzi kama ya jua) zina zebaki ndani, kwa hiyo zisipande na kobe gari moja.

Kwenye kichujio ndipo penye roho ya tangi. Zile sponji na vigae vya seramiki vimejaa bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Wanahitaji vitu vitatu: unyevu, hewa na joto la wastani. Kichujio kikisafirishwa kimejaa maji na kimefungwa, maji hayatembei, bakteria wanamaliza hewa ndani ya saa chache, wanakufa na kuoza. Ukifika ukakiwasha, huo uozo wote unamiminika kwenye tangi. Ukikisikia harufu ya yai viza ujue ndicho kilichotokea, na hapo suuza kila kitu uanze upya.

Fanya hivi: mwaga maji ya kichujio, weka sponji na vigae kwenye mfuko wa wavu, uingize kwenye ndoo ya lita 20 yenye vikombe viwili vya maji ya tangi chini, na kifuniko kikae juu bila kubanwa. Viwe vimelowa, visiwe vimezama. Ndoo hiyo isiende na lori. Lori lililofungwa mwezi wa Julai huko Texas ni tanuri, bakteria hawatatoka humo hai. Ikae nanyi kwenye gari lenye AC.

Mvuvi_wa_Nyanza

Fundi, kwa nini usibebe tu maji yote ya zamani kwenye mapipa? Si ndiyo yenye bakteria?

Fundi_Tangi

Hapana mkuu. Bakteria wamejishikiza kwenye sponji, mawe na kuta, wachache sana wanaelea majini. Maji ya zamani ni mzigo wa kilo 284 wenye kinyesi. Beba lita 10 kwa ajili ya kulowesha sponji njiani, yanatosha.

Barabara_35

Niongeze la njiani. Boksi likae siti ya nyuma, mkanda upite juu yake na kukaza, upande usiopigwa na jua. Mkielekea kaskazini, asubuhi jua liko kulia kwenu na alasiri liko kushoto, kwa hiyo katikati ya siti ndipo salama zaidi, au tundikeni kitambaa dirishani. Sakafuni nyuma ya siti ya abiria panafaa pia, ila gusa kwanza kwa mkono baada ya mwendo wa saa moja, magari mengine sakafu yake hupata moto kutoka kwenye bomba la moshi. Buti la nyuma lisifikiriwe kabisa. Na tundu la AC lisipulize moja kwa moja kwenye boksi.

Mnaposimama kula ndipo kobe wengi wanapokufa. Nje kukiwa na nyuzi 32, ndani ya gari lililofungwa kunafika 43 kwa dakika 10, na nusu saa baadaye kumevuka 50. Kuacha dirisha wazi vidole viwili hakusaidii kitu. Kwa hiyo kila mkisimama, abaki mtu mzima garini AC ikiwaka, mpeane zamu ya choo na chakula. Kama mko wawili tu na mnataka kukaa pamoja mezani, basi boksi linashuka nanyi.

Ondokeni Houston saa 10 alfajiri. Mtavuka Dallas kabla ya jua kali na kufika Wichita mchana wa saa 9 au 10. Kutoka hapo siku ya pili ni kilomita 1,000 na kidogo.

AC ikiharibika njiani: zima wazo la kuendelea, tafuta kivuli, ingieni kwenye jengo lolote lenye ubaridi pamoja na boksi. Lowesha upya kile kitambaa cha juu kwa maji ya kawaida. Usimwagie maji ya barafu wala usiweke barafu ndani, mshuko wa ghafla unamdhuru kama joto lenyewe.

Mhamaji_TX

Shukrani nyingi Barabara_35. Na hotelini? Mke wangu anauliza kama tunaweza kumweka kwenye bafu la kuogea, tuna mtoto wa miaka mitatu.

Dkt_Mifugo_Dayaspora

Msimweke kwenye bafu la hoteli, kwa sababu mbili. Bafu hilo lina mabaki ya dawa za kusafishia. Na kobe hubeba salmonela (bakteria wanaoharisha watu) kwenye kinyesi na gamba hata akiwa mzima kabisa. Mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito na mzee ndio wanaoumia sana. Ndiyo maana Marekani ilipiga marufuku tangu 1975 kuuza kobe wenye gamba la chini ya inchi 4: watoto walikuwa wanawatia mdomoni.

Mbebe beseni lenu la plastiki, la lita 60 hivi, ambalo halitumiki kwa kitu kingine. Jaza maji ya nyuzi 24 hadi 26 yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Kina kiwe kile ambacho akisimama chini na kunyoosha shingo, pua inatoka juu bila kuogelea. Mwache saa moja au mbili. Atakunywa, atajisaidia, macho yatalowana. Halafu mrudishe kwenye boksi lenye kitambaa kipya alale humo. Akilala ndani ya beseni usiku kucha atakwaruza na kujaribu kutoka, na hamtalala nyie pia. Beseni likae chooni mlango ukiwa umefungwa, mtoto asiingie. AC ya chumba iwekeni nyuzi 24, hizi za hoteli zikiachwa na 18 maji yanapoa haraka.

Maji machafu yamwagwe kwenye choo, si kwenye sinki la kupigia mswaki. Anayemshika awe mmoja tu, na anawe kwa sabuni sekunde 20 kabla ya kugusa chochote. Kumshika: mikono miwili ubavuni, katikati ya mguu wa mbele na wa nyuma, vidole chini ya gamba la tumbo. Asipindwe chali, na hasa huyu kama ana mayai.

Kusini_Tena

Wadau, nimefuata uzi kimya. Je, anayehama Januari kutoka Minneapolis kwenda kusini afanyeje? Nje ni chini ya nyuzi 20 hasi.

Gamba_Gumu

Boksi ni lile lile, ila liingize ndani ya kasha la povu kama lile la kubebea samaki wa barafu, na kasha nalo litobolewe. Gari liwashwe dakika 20 kabla mpaka ndani kufike nyuzi 22, ndipo kasha litoke nyumbani, tena kwa haraka. Hewa ya baridi kali inaweza kumletea homa ya mapafu.

Vile vifuko vya kupasha mikono visiwekwe karibu naye. Vinatoa joto kwa kula oksijeni ya hewa, kwenye kasha dogo vinamnyima pumzi, na joto lake linapita 60, linachoma gamba bila yeye kuhama. Afadhali chupa ya maji ya nyuzi 40 iliyovingirishwa kitambaa, ikae kati ya boksi na kasha upande mmoja tu, ibadilishwe kila saa tatu. Upande wa pili ubaki bila kitu, awe na pa kusogea.

Kama kobe wako amelala usingizi wa baridi, usimwamshe kwa safari. Ama usubiri, ama umpandishe joto polepole kwa wiki moja hadi mbili, nyuzi mbili tatu kwa wakati, aanze kula, ajisaidie, ndipo umfungishe kula tena na kusafiri.

Mpenda_Sheria

Kabla hamjaondoka angalieni sheria ya jimbo mnalohamia na ya kila jimbo mnalopita, kwa kupigia idara ya wanyamapori ya jimbo husika. Kobe huyu yuko kwenye orodha ya viumbe vamizi sehemu nyingi. Oregon hairuhusu kumfuga. Florida ilianza kumbana mwaka 2007. Umoja wa Ulaya ulimwingiza kwenye orodha yake mwaka 2016: haingii, hauzwi, hazalishwi. Kwa hiyo ndugu zetu wanaohamia Ubelgiji au Uholanzi wasijaribu kumpakia.

Kuhusu njia nyingine zaidi ya gari: Posta ya Marekani haipokei kobe, hata kwenye boksi zuri kiasi gani. Treni za Amtrak zinachukua mbwa na paka wadogo tu. Mabasi ya Greyhound hayapandishi mnyama yeyote isipokuwa wa kumhudumia mlemavu. Mashirika mengi ya ndege hayamruhusu kukaa na abiria. Anakwenda na mizigo, kwa masharti ya joto la uwanja, na mwezi wa Julai hapo Houston masharti hayo yanaweza kuwafungia mlango.

Na asije mtu akamwachia kwenye ziwa la jirani kwa sababu safari imekuwa ngumu. Ni kosa, na anawanyang'anya kobe wa asili sehemu za kuotea jua na chakula.

Mlimani_Arusha

Nami naomba kuuliza. Tuna kobe wa nchi kavu, yule wa madoadoa mwenye gamba la kupanda juu, nyumbani tangu enzi za mzee. Tunahamia Mwanza. Hatua ni hizo hizo?

Mpenda_Sheria

Mkuu, anza na kibali. Kwa Tanzania wanyamapori ni mali ya umma chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na Kenya wana yao ya 2013. Kukaa naye miaka mingi hakukupi umiliki. Nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya kabla ya kumpandisha garini, maana ukikutwa barabarani bila karatasi ni kesi ya nyara. Kobe huyo yuko Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Yule bapa anayejibana kwenye nyufa za miamba alipandishwa Kiambatisho cha Kwanza, chenye ulinzi mkali zaidi, mwaka 2019, huyo msimguse kabisa.

Gamba_Gumu

Na ukipata kibali, hatua zinatofautiana. Wa nchi kavu asafiri kwenye nyasi kavu, si kitambaa cha unyevu. Ubichi wa muda mrefu unamletea kuvu kwenye gamba la tumbo na mafua. Badala yake, asubuhi ya safari mweke kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika kidevuni kwa dakika 20 anywe. Huhifadhi maji kwenye kibofu, na akinyanyuliwa ghafla au akishtuka hukojoa akiba yote. Kwa hiyo mnyanyue polepole, na ukiona amekojoa boksini, mnyweshe tena mkifika Singida badala ya kungoja Mwanza.

Mhamaji_TX

Mrejesho mfupi: eksirei imeonyesha mayai tisa. Kasha la mchanga lipo. Daktari amesema tusisafiri kabla hajataga yote, tumesogeza kuondoka hadi katikati ya Agosti. Sasa swali la mwisho: tukifika, tangi linawashwa kwa utaratibu gani?

Fundi_Tangi

Hongera kwa kusogeza tarehe.

Mkifika, kobe abaki boksini au beseni kwanza. Simamisha tangi mahali palipo sawa, pima kwa pima maji, lijaze maji matupu uliache saa 24 bila kobe. Pitisha karatasi kavu ya choo kwenye kila kona ya chini, ikilowa, linavuja. Wakati huo yeye anaishi kwenye beseni, mchana lina maji na sehemu ya kupanda apate taa, usiku maji ya kina kidogo.

Dawa ya kuondoa klorini weka kwa kipimo cha lita zote 284. Miji mingi ya huku hutumia kloramini, ambayo hairuki hata ukiacha maji wazi siku nzima, kwa hiyo lile zoea letu la kulaza maji kwenye ndoo halitoshi. Na dawa ya kawaida ikivunja kloramini inaacha amonia, chagua inayokamata vyote viwili. Kobe mwenyewe anavumilia maji ya bomba, wanaokufa ni bakteria ulowabeba kilomita 2,000.

Rudisha sponji bila kuziosha, washa kichujio, washa hita ikishazama kwa dakika 20. Maji nyuzi 25, jukwaa la kuotea nyuzi 31 hivi. Pima amonia na naitraiti (sumu nyingine inayotokana na amonia) kila siku kwa wiki mbili. Zote zinatakiwa ziwe sifuri. Amonia ikionekana, badilisha robo ya maji siku hiyo hiyo.

Dkt_Mifugo_Dayaspora

Usimlishe siku ya kwanza. Siku ya pili mpe kiasi kinacholingana na ukubwa wa kichwa chake, si zaidi, majani kwanza. Akikataa hadi wiki moja, ni ugeni wa mahali. Mwangalie anavyoelea: kobe mzima anaelea sawa kama sahani. Ukiona upande mmoja umezama na mwingine umeinuka, au anapumua mdomo wazi, au mapovu yanatoka puani, hiyo ni homa ya mapafu na haisubiri Jumatatu. Tafuta jina la daktari wa reptilia wa Minneapolis leo, mngali Houston, na namba yake iandikwe kwenye kifuniko cha boksi kwa kalamu isiyofutika.